Fasihi ya Guinea ya Ikweta na Masomo ya Kihispania katika Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Somo la lugha na fasihi ya Kihispania, jinsi linavyofundishwa katika vyuo vikuu vingi, limejengwa juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni Hispania yenyewe: Cervantes na Don Quijote yake (1605 na 1615), tamthilia za Lope de Vega, ushairi wa Góngora na wa García Lorca. Ya pili ni Amerika ya Kilatini, ambayo nafasi yake iliimarika hasa baada ya riwaya kama Cien años de soledad ya Gabriel García Márquez (1967) kusomwa duniani kote. Afrika mara nyingi haimo, au hutajwa mwishoni kama kiambatisho. Hata hivyo ipo nchi ya Afrika kusini ya Sahara ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi na ambayo ina waandishi wake, nayo ni Guinea ya Ikweta. Makala haya yanalihakiki pengo hilo kwa kuzichambua riwaya mbili za nchi hiyo. Dai lake ni kwamba kuziongeza riwaya hizo katika orodha ya vitabu hakutoshi, kwa kuwa zinataka namna nyingine ya kusoma.

2. Chanzo cha kimya

Riwaya ya kwanza ya Mguinea, Cuando los combes luchaban ya Leoncio Evita, ilitoka Madrid mwaka 1953, nchi ikiwa bado koloni. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Oktoba 1968. Muda si mrefu utawala wa Francisco Macías Nguema ukageuka udikteta uliodumu hadi Agosti 1979. Wasomi wengi waliuawa, walifungwa au walikimbilia ugenini. Huko Hispania nako, serikali ya Franco ilizifanya habari za Guinea kuwa siri ya dola mwaka 1971, na amri hiyo haikuondolewa hadi 1976. Kimya kilikuwa basi cha pande mbili: nyumbani mwandishi hakuweza kuandika, na katika nchi ya lugha aliyoiandikia, msomaji hakuruhusiwa kujua. Ndipo mwaka 1984 Donato Ndongo-Bidyogo alipotoa Antología de la literatura guineana, mkusanyo uliowaonyesha wasomaji kwamba fasihi hiyo ipo. Kwa hiyo, kutokuwemo kwake katika mitaala hakuwezi kuelezwa kwa hoja ya ubora peke yake. Siasa nayo ilikuwa na mkono wake.

3. Ekomo: sauti ya mke

Ekomo ya María Nsue Angüe (1945–2017) ilichapishwa Madrid mwaka 1985, nayo ni riwaya ya kwanza ya mwanamke wa Guinea ya Ikweta. Jina la kitabu ni la mume, lakini sauti ni ya mke, Nnanga, anayesimulia jinsi Ekomo alivyougua mguu, jinsi walivyohangaika kutafuta tiba kwa waganga na hospitalini, na jinsi kifo kilivyomwacha yeye mjane. Msomaji aliyelelewa na fasihi ya Hispania pekee ataona hapa kisa cha ugonjwa na msiba. Pengine atalalamika kwamba masimulizi yanajirudia, yanaingiza hadithi ndani ya hadithi, wala hayafuati wakati kwa mstari ulionyooka. Anachokiita kasoro ndicho kanuni ya utungo, kwani chini ya Kihispania hicho kinasikika Kifang pamoja na mwendo wa masimulizi ya mdomo.

Kuna jambo zito zaidi. Miongoni mwa Wafang, abaa, yaani nyumba ya baraza, ni mahali pa wanaume, na humo ndimo mambo ya kijiji huamuliwa. Riwaya inampa Nnanga kile anachonyimwa na baraza: nafasi ya kusema mpaka mwisho bila kukatizwa. Lakini anaipata katika lugha iliyoletwa na mkoloni. Mwandishi hautatui utata huo, na nguvu ya kitabu imo katika kuuacha wazi.

4. Mtoto mkalimani

Las tinieblas de tu memoria negra ya Ndongo-Bidyogo (1987) inasimulia utoto wa mvulana asiyetajwa jina, anayeandaliwa kuwa padre wakati wa ukoloni. Padre Ortiz na mzee Abeso, mlinzi wa mila katika ukoo wa mvulana huyo, wanajadiliana juu ya imani zao, na mtoto ndiye mkalimani. Kila neno hupita kinywani mwake, naye ndiye peke yake anayezielewa pande zote mbili. Mgawanyiko huo umeingia hata katika sarufi ya kitabu: mara msimulizi hujisema kwa nafsi ya kwanza, mara hujiambia kwa nafsi ya pili, kana kwamba mtu mzima anamhoji mtoto aliyekuwa. Yawezekana kulaumu kwamba hoja za padre na za mzee zimepangika mno, hata wao wakawa wawakilishi wa hoja zaidi ya watu. Mtoto, hata hivyo, hawi kielelezo kamwe. Yeye ni sura halisi ya Mwafrika anayesoma lugha ya kigeni.

5. Hitimisho

Kifang huzungumzwa pia kusini ya Cameroon na kaskazini ya Gabon, nchi ambamo Kihispania hufundishwa kama lugha ya kigeni. Mwanafunzi Mfang wa Libreville anaweza kujifunza mandhari ya La Mancha bila kupewa kitabu kinachozungumza desturi za watu wake. Ilhali kwa kitabu hicho yeye angekuwa na ujuzi ambao maprofesa wengi wa Madrid hawana. Akademia ya Lugha ya Kihispania ya Guinea ya Ikweta iliundwa mwaka 2013, na mwaka 2016 ikapokelewa kuwa ya 23 katika umoja wa akademia za lugha hiyo. Mlango wa taasisi umefunguliwa. Mlango wa darasa ungali unasubiri.

Wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Nao husoma fasihi ambayo kitovu chake ki mbali, pwani ya Afrika Mashariki. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 katika Kiswahili cha mji huo na kukusanywa na André Yav ilisubiri hadi 1990 ndipo Johannes Fabian akaichapisha, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kuuliza kama Kiswahili chake ni sanifu ni swali halali. Lakini likiwa ndilo swali la kwanza na la mwisho, msomaji atakuwa amefanya kama yule anayeisoma Ekomo akiwa na kamusi ya Madrid tu mkononi: atahesabu makosa, na sauti itampita.