Jongoo Kwanza, Baiskeli Baadaye

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, pale Tegeta unaipita Wazo Hill, kilima cha chokaa ambako saruji inatengenezwa tangu 1966. Kila nikipita hapo naikumbuka Bamburi, Mombasa. Huko watu wanatembea na kuendesha baiskeli chini ya miti, juu ya sakafu ya machimbo ya saruji yaliyoanza kuchimbwa 1954.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliikabili sakafu hiyo: mwamba mtupu wa matumbawe, udongo hakuna, jua linaunguza, na chini kidogo tu maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zikastahimili 3: mnazi, damas ya Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi, maana bakteria wa mizizini mwake hunasa nitrojeni ya hewani, hivyo hauhitaji ardhi yenye rutuba.

Hapa ndipo wengi wangekwama. Aliyewahi kufagia ua wa pwani huku Bagamoyo anayajua majani ya mvinje: membamba kama sindano, yamejaa tanini, yanalala chini bila kuoza. Bamburi nayo ilipata msitu usiozaa udongo, mpaka Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani hayo makavu. Wakakusanywa jongoo kwa mamia, wakaachiwa machimboni. Walichokula kikatoka kinyesi, bakteria wakakimalizia, ikawa mboji, na kwenye mboji hiyo miti mingine ikashika. Kwangu mimi fundi mkuu wa mradi mzima ni huyu jongoo.

Njia zikaja mwisho. Sehemu moja ilifunguliwa kwa wageni 1984, ndiyo Haller Park ya leo. Nyingine ni Bamburi Forest Trails, yenye njia za miguu na za baiskeli. Zingechongwa mapema, zingekuwa vumbi jeupe la chokaa na jua la utosi. Zilisubiri kivuli, na zulia la majani juu ya mwamba.

Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Kitanzania, Amsons, iliinunua Bamburi Cement. Natamani mafundi wa misitu wa Bamburi waalikwe huku kaskazini ya Dar, waitazame sakafu ya machimbo yetu ya Wazo Hill kabla mtu hajachora ramani ya njia yoyote.