Helmeti ya Filamu: Kiganja Kabla ya Jicho

Aliyenifundisha kuihukumu helmeti hajatengeneza hata moja maishani mwake. Ni mpuliza rangi wa magari huku Changamwe, Mombasa. Nilimpelekea helmeti yangu ya kwanza, ya Boba Fett, yule mwindaji wa filamu za vita vya angani, nimeshaipuliza kijani na nimeridhika nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fumba macho."

Akakichukua kiganja changu, akakiweka juu ya utosi wa helmeti, akakishusha polepole hadi shavuni. Nikahisi bonde, halafu kilima, halafu bonde tena. Wiki tatu nilikuwa nimeitazama kazi ile mchana na usiku, na jicho halikuwa limeniambia lolote.

Tangu siku hiyo, nikiletewa helmeti niiseme, rangi naiacha mwisho. Vijana wa Kisauni, Likoni na huku kwetu Changamwe wanaotengeneza helmeti za filamu wameongezeka, na wengi wanahukumiana kwa picha za simu. Picha huonyesha rangi tu, na kazi yenyewe iko chini ya rangi.

Anza kwa kuuliza imetengenezwa na nini, kwa sababu kila malighafi ina ugonjwa wake. Ipo njia ya karatasi, ile ambayo Wajapani huiita pepakura: vipande vya karatasi nzito vinakatwa, vinakunjwa, vinagundishwa, kisha vinapakwa resini na kuwekwa faiba kwa ndani. Ugonjwa wake ni pembe. Mahali palipotakiwa kuwa na mviringo utakuta vijisahani bapa vilivyopakana, na pati nyingi haitoshi kuvificha. Ipo sponji ngumu ya EVA, jamaa ya soli za patipati na mikeka ya watoto ya kuunganishwa. Ni nyepesi na ya bei nafuu, inafaa sana kwa mtoto, lakini vitundu vyake vidogo hunyonya rangi ikiwa fundi hakuvifunga kwanza, na ukingo wake hauwezi kuwa mkali kama wa chuma. Printa ya 3D huacha mistari, tabaka juu ya tabaka, na fundi mvivu huacha mistari hiyo nyuma ya sikio au chini ya kidevu akidhani hakuna atakayepeleka kidole huko. Peleka kidole huko.

Kuhusu printa kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa Mombasa lazima aliulize. Plastiki ya PLA, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani kwenye foleni ya feri Likoni mwezi wa Februari linaweza kufika joto hilo juu ya dashibodi. Nimeona helmeti nzuri iliyoinamisha shavu moja kama nta kwa sababu ya saa mbili za jua. Kama ni PLA, safiri nayo mapajani.

Mimi moyo wangu uko kwa faiba iliyotolewa kwenye kalibu. Mikeka miwili ya faiba ya gramu 450 kwa mita mraba hutoa unene wa milimita mbili hivi, na helmeti nzima huwa na uzito wa kilo moja na kidogo. Igonge kwa kucha utosini, kwenye mashavu, kisogoni. Sauti iwe moja. Ikilia kama debe mahali fulani, pale kuna upepo kati ya tabaka, na siku ikianguka itapasuka hapo hapo. Halafu inusie ndani na upitishe kidole. Resini iliyokauka sawasawa haina unato. Huku kwetu joto linamshawishi fundi apunguze hadena, dawa inayogandisha resini, naye ana haki, kwa kuwa asilimia 1 inatosha mahali ambapo nchi za baridi wangeweka 2. Akizidisha, kikombe kinachemka na kutoa moshi kabla hajamaliza upande mmoja. Lakini akipunguza kupita kiasi, resini haishiki kamwe. Ndani kukinata baada ya mwezi, rangi ya nje haitadumu.

Ukiwa ndani bado, tazama ukingo wa tundu la macho. Fundi mwaminifu huusawazisha na kuuziba. Fundi wa haraka huacha nyuzi za faiba zimetokeza kama miiba ya samaki, zikuwashe uso.

Kosa jingine halionekani mpaka uwe umeziona helmeti nyingi: kalibu iliyotolewa kwenye nakala ya nakala. Mtu ananunua helmeti ya mwenzake, anaitolea kalibu, anauza. Wa tatu naye anafanya hivyo hivyo. Resini husinyaa kidogo kila mara, na kila tabaka la rangi lililonakiliwa hujaza pembe. Baada ya vizazi vitatu helmeti imekuwa ndogo, na mistari iliyokuwa mikali imekuwa kama sabuni iliyotumika. Kaza macho yako kwenye mfereji wa shavu la Boba Fett. Ukiwa na sakafu bapa na kuta wima, kalibu iko karibu na asili.

Hapo ndipo inapobidi uijue asili yenyewe. Wengi hupima kwa kulinganisha kushoto na kulia, wakiona tofauti wanakunja uso. Lakini uso wa Darth Vader wa filamu ya 1977, ya mfululizo huo huo wa Boba Fett, ulichongwa kwa udongo, kwa mkono, na Brian Muir, na pande zake mbili hazilingani. Uliolingana ni ule wa Revenge of the Sith ya 2005, uliosawazishwa kwa kompyuta. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni ya 1977" na pande zote ni pacha, umeuziwa mwaka usio wake. Tena ile ya 1977 si nyeusi tupu: nyeusi inayong'aa inapokezana na kijivu cha chuma, na tofauti hiyo huiona tu taa ikiipiga kwa ubavu.

Helmeti nyeupe za askari wa filamu hiyo hiyo zilitengenezwa kwa plastiki iliyopashwa moto na kufyonzwa juu ya kalibu, katika karakana ya Andrew Ainsworth huko Twickenham, Uingereza. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile si sanamu, bali ni kifaa cha kutengenezea filamu. Sheria ni yao. Mimi niliyeikalia moja kwa msasa mwezi mzima nashindwa kuiita kifaa.

Na msasa ndio kazi. Neno lenyewe limetoka kwa mti, mtini wa mwituni ambao majani yake hukwaruza, na wachongaji waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani kufika. Pale Changamwe kwa wachongaji wa Akamba utaona subira ninayoisema: kinyago cha mpingo hakipakwi rangi, kwa hiyo hakina pa kujificha. Helmeti nayo ishughulikiwe hivyo. Namba 80 ya kuondoa milima, 180, 320, halafu msasa wa maji 600 na kuendelea, na kila hatua ifute mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Aliyeruka namba utamjua: chini ya rangi kuna mikwaruzo mirefu inayoonekana ukigeuza helmeti juani.

Kipimo changu ni taa ya tyubu. Simama chini yake, izungushe helmeti taratibu, ufuate mwanga unavyotambaa juu ya utosi. Ukiteleza kama maji, sawa. Ukijikunja, kuna bonde. Ukikatika vipande vipande, ni pembe za karatasi. Vitone vyeusi kama vya sindano ni vitundu ambavyo praima haikuviziba, na rangi ya kung'aa huvikuza badala ya kuvifunika.

Hewa ya pwani nayo ina saini yake. Klia, ile vanishi ya juu ya rangi, iliyopulizwa kukiwa na unyevu mwingi, baada ya mvua za masika au jioni umande ukianza, hushika ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa ni rangi iliyokauka kabla ya kutulia, mara nyingi saa saba mchana. Fundi anayejua huku kwetu hupuliza asubuhi, umande ukishapaa na upepo haujaanza kuleta vumbi la malori ya bandarini. Avae pia barakoa yenye chujio. Kitambaa cha pua hakizuii mvuke wa hadena.

Sasa uchakavu, na hapa ndipo ninapokuwa mgumu. Helmeti ya Boba Fett ya The Empire Strikes Back, 1980, imebonyea utosini na imechubuka. Michubuko yake ina tabaka: kijani juu, rangi nyingine nyepesi chini yake, fedha chini kabisa. Waigaji wengi huchovya brashi katika rangi ya fedha na kutonesha popote. Nenda kawatazame walimu wa kweli. Makontena ya njia ya Port Reitz hayachubuki katikati. Huchubuka pembeni, yanapogusana, na kutu huanza kwenye jeraha kisha hushuka chini kufuata maji ya mvua. Mlango wa feri umekwanguliwa na matairi hadi chuma kinang'aa, lakini kwenye bawaba, pasipopitwa, rangi bado nene. Basi iulize kila alama ya helmeti: nani alikugusa hapa? Ukingo wa chini, mkono unaposhika kuivua, upauke. Ndani ya mfereji wa shavu kubaki rangi na uchafu. Matone ya kutu yaelekee chini, mtu akiwa amesimama.

Njia ninayoipenda ni chumvi ya mawe, ile inayovunwa Gongoni na Marereni. Puliza fedha, ikauke, lowesha sehemu unazotaka, nyunyiza chumvi, puliza kijani juu, kisha isugue itoke. Hubaki madonda yenye kingo zisizotabirika ambazo brashi haiwezi kuzichora. Lakini chumvi ioshwe kwa maji mengi, maana ikibaki itavuta unyevu chini ya klia na baada ya miezi utaona malengelenge. Ukinunua helmeti ya namna hii, muulize fundi aliiosha mara ngapi.

Mwisho ivae, dakika kumi, si moja. Kioo kilichokatwa kwenye ngao ya mchomeleaji vyuma huonyesha vizuri nje na huficha macho ndani, ila kisipoachiwa pa kupumua kitashika mvuke kabla hujavuka barabara. Geuza kichwa ghafla: helmeti igeuke nawe, isibaki nyuma. Na usiipande nayo bodaboda hata hadi kituo cha pili. Faiba ya milimita mbili ni ya kutazamwa, fuvu lako linahitaji helmeti ya kazi hiyo.

Ukiridhika na yote, omba picha moja: helmeti hiyo hiyo ikiwa na praima ya kijivu tu, siku moja kabla ya rangi. Mzee wa Changamwe huomba hiyo peke yake.