"Maliza Dozi" Ni Nusu ya Kisa

Hospitali nyingi Mbeya na Iringa zina bango la usugu wa dawa ukutani. Nimeyasoma mengi, nikiwa kwenye foleni na nikiwa kazini maabara. Karibu yote yanaongea na wewe mgonjwa: usinunue antibayotiki bila cheti, usimgawie jirani, maliza dozi. Ushauri mzuri kabisa. Lakini leo naomba tuyakosoe.

Bibi yangu alilazwa, kidonda kikagoma kupona. Majibu ya maabara yakaja: klebsiela sugu. Shangazi alikuwa ameshasoma bango. Akamgeukia: "Mama, kumbe ulikuwa unaacha dawa?" Bibi akanyamaza. Hakuwa ameacha hata kidonge kimoja.

Tuanze na jina lenyewe. Ukisema "usugu wa dawa", wengi wanaelewa kwamba mwili umezoea dawa. Hapana. Aliye sugu ni bakteria. Klebsiela anaweza kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni kabla haijamdhuru. Maelekezo ya kukitengeneza mara nyingi yako kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Kwa hiyo unaweza kuambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu, wewe mwenyewe hujakosea dozi yoyote.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2001 hadi 2002, watafiti walipima damu ya watoto wa miaka 0 hadi 7 waliolazwa Muhimbili. Matokeo yalichapishwa 2007. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu, 43.5% walifariki, kwa malaria ilikuwa 20.2%. Kutibiwa kwa dawa ambayo bakteria anaihimili kuliongeza hatari ya kifo. Sasa niambie, kichanga wa siku tatu aliacha dozi gani?

Wodini bakteria hutembea kwa mikono, mpira wa mkojo, sinki na shuka. Halafu husafiri. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa kutoka Nyanda zote za Juu Kusini. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Iringa, bakteria aliye tumboni mwake hashuki Makambako, wanafika wote.

Tuwe wa haki: mpango wa kitaifa wa 2017 hadi 2022 uliweka kuzuia maambukizi miongoni mwa malengo yake. Serikali inajua. Bango ndilo halisemi, na lisiposema, lawama yote inamwangukia mgonjwa. Nesi mmoja mwenye wodi nzima na bomba kavu hasaidiwi na karatasi ukutani. Anahitaji maji, sabuni na mwenzake wa zamu.

Kama ningeandika bango mimi, lingetuhusu wote. Wewe unayekuja kuona mgonjwa: nawa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Muulize nesi kwa heshima kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Muulize daktari kama sampuli imepelekwa kuoteshwa. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini ndiyo yanayoonyesha dawa ipi bado inafanya kazi.

Na dozi? Maliza, ndiyo. Ila usimuulize bibi yako alichokosea.