Roboti 'yule', jizi 'lile': Ngeli inapotoa hukumu

Majuzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Nakuru alinionyesha insha ya mwanafunzi wake. Mtoto alikuwa ametunga hadithi ya roboti kubwa kuliko ghorofa, ambayo usiku wa manane inawafumania wezi wakivunja duka kando ya barabara ya kwenda Njoro. Kilele cha hadithi kilikuwa katika sentensi hii: “Roboti yule mkubwa aliyashika majizi, yakalia, akayafungia kwenye gari la polisi.”

Kalamu nyekundu ilikuwa imepita hapo. “Yule” limekuwa “ile”, “mkubwa” limekuwa “kubwa”, “aliyashika” limekuwa “iliyashika”, na “akayafungia” limekuwa “ikayafungia”. Makosa manne katika sentensi moja! Lakini “majizi, yakalia” hayakuguswa. Kinyume chake, pembeni palikuwa na alama ya vyema, maana mtoto ameonyesha kwamba anaijua hali ya ukubwa: mwizi, jizi, wezi, majizi.

“Kwani nimekosea wapi?” mwalimu aliniuliza aliponiona nimenyamaza. “Roboti ni mashine. Mashine ni I-ZI. Imeisha hiyo.”

Kisarufi, mwalimu hakukosea. Hata hivyo, sentensi ile imenikaa kichwani wiki nzima. Ina wahusika wa aina mbili, chuma na watu. Chuma tumekivua utu kwa sababu hakina, na watu tumewavua utu ilhali wanao. Kisha kwa hilo la pili tumempa mtoto alama.

Tuanze na roboti. Wapenzi wa Kiswahili wanajua kwamba ngeli ya A-WA haifuati umbo la nomino. Kipofu, kiziwi, kijana na kifaru wamevaa kiambishi cha KI-VI, lakini hatusemi “kijana hiki kimefika”. Uhai umelishinda umbo. Wala si uhai wa damu na nyama pekee, maana malaika hana nyama, shetani hajazaliwa, na bado tunasema “shetani amemwingia”. Upande wa pili kuna maiti, aliyekuwa na damu na nyama jana tu, na leo wazungumzaji wanasitasita: wapo wasemao “maiti huyu” na wapo wasemao “maiti hii”. Kinachoamua basi ni kile tunachoamini kuwa kimo ndani ya kitajwa: je, kina nia yake? Kinaweza kutaka, kukataa, kuamua?

Sasa jiulize mtoto wa Nakuru amekutana wapi na roboti. Hakumwona kiwandani akifunga nati. Amemwona kwenye vibonzo, kwenye katuni za runinga, kwenye michoro ya matatu, na kwenye filamu ambazo akina DJ Afro wanazisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Huko roboti ana jina, anaongea, anakasirika, na wakati mwingine ndiye stera mwenyewe. Na stera, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video, ni lazima awe mtu kwa namna fulani. Mtoto aliandika “yule” kwa sababu alimwona mhusika.

Je, tumpe kila roboti A-WA? La. Ukivisoma vibonzo vyenyewe kwa makini, utaona kwamba roboti wakubwa wanaokutana na wahalifu si wa aina moja, na Kiswahili kina namna ya kuwatofautisha ambayo lugha nyingi hazina.

Chukua kwanza filamu fupi ya katuni ya Superman iliyotolewa mwaka 1941, The Mechanical Monsters. Roboti zinaruka angani, zinavamia benki na kubeba vito. Zina nambari badala ya majina. Mwizi halisi ni binadamu aliyeketi kwenye mitambo yake, mbali na pale uhalifu unapotendeka. Hapa I-ZI ya mwalimu inafaa kabisa: roboti ilitumwa, ikaenda, ikaleta. Ukisema “roboti aliiba” utakuwa umemsaidia mwenye mitambo kuponyoka.

Aina ya pili inatoka Japani. Mwaka 1956 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza kuchapisha vibonzo vya Tetsujin 28, dubwana lililobuniwa kuwa silaha ya vita. Jina Tetsujin lina maana ya mtu wa chuma, lakini huyu “mtu” hana hiari. Anaongozwa kwa rimoti. Rimoti ikiwa mikononi mwa kijana Shotaro, Tetsujin ni mlinzi. Ikinyakuliwa na genge, mlinzi yule yule anageuka jambazi. Ndiyo maana wahalifu katika hadithi hizo wanaiwinda rimoti. Yokoyama aliona mapema jambo ambalo leo tunalijadili kwa maneno mazito: chombo kikubwa chenye nguvu hakina wema wala ubaya, ila kina mwenye kukishika. Kwa kitu kikubwa cha kutisha kisicho na hiari, Kiswahili kina LI-YA. “Lile dubwana liliinua mkono.” Woga umo, ukubwa umo, lakini lawama haimo.

Aina ya tatu ni roboti anayeamua. Katika toleo la 14 la The X-Men, la Novemba 1965, Stan Lee na Jack Kirby walileta Sentinels, majitu ya chuma yaliyoundwa na msomi Bolivar Trask ili kuwasaka watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida. Mara tu yanapozinduliwa yanamgeuka muundaji wao. Kuanzia hapo mfasiri hana budi kubadili ngeli: wanamkataa, wanaamua, wanatawala. Tena angalia nani anayesakwa humo. Ni watu walioitwa wahalifu kwa kuzaliwa, kabla ya kutenda lolote. Kijana wa mtaa duni aliyewahi kubebwa kwenye msako wa polisi kwa sababu tu alikuwa kijana na alikuwa pale, hahitaji kufafanuliwa hilo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo, na wengi wameusahau. Mwaka 1987, katika vibonzo vya The Transformers vya kampuni ya Marvel, anajitokeza mwizi wa magari aitwaye Mechanic. Mwizi wa magari katika ulimwengu ambamo magari ni watu! Anakutana na Ratchet, roboti ambaye ni tabibu wa wenzake na ambaye hujigeuza kuwa ambulensi. Macho ya Mechanic yanaona vifaa na vipuri. Msomaji anamwona daktari. Fikiria unatafsiri hadithi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Kimombo kinaweza kupita na jina tu. Wewe huwezi: “Gari liliingia, likasimama, kisha akainuka.” Kiambishi kimoja, “a”, ndicho kinachobeba mgeuko wote. Mwizi ataendelea kusema “hili” hadi mwisho, na katika “hili” hilo tumeujua moyo wake bila kuambiwa.

Hilo si jambo geni kwetu. Neno lenyewe roboti lilizaliwa na swali lilo hilo. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, akilitoa katika neno la Kicheki, robota, yaani kazi ya shokoa. Roboti wake walikuwa vibarua walioundwa ili wafanye kazi bila kudai kitu. Miaka hiyo hiyo, katika Bonde la Ufa la walowezi, mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande chenye nambari, na mwenye shamba alimwita “boi” hata akiwa na wajukuu. Mababu zetu waliokuwa maskwota walijua maana ya kuhesabiwa katika ngeli ya vitu.

Majitu nayo tulikuwa nayo kabla ya chuma. Wakikuyu wana irimũ, wingi marimũ. Wakalenjin wana Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Mtoto aliyesimuliwa habari za mdomo huo hashtushwi na macho ya roboti. Waswahili nao wana zimwi, na methali yao imeamua ngeli zamani: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Linakujua, lakini bado ni “li”. Methali hiyo inatuonyesha kwamba LI-YA inaweza kubeba kiumbe chenye akili bila kumpa heshima ya utu.

Vibonzo vyetu vya Afrika Mashariki havijamjali sana roboti. Juha Kalulu wa Edward Gitau alituchekesha kwa miongo mingi kwa ujinga wa kawaida wa binadamu. Akokhan ya Frank Odoi, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi yake Kenya, ilitegemea nguvu za kiajabu badala ya mitambo. Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 kwa Sheng, shujaa wake ni kijana mwenye redio ya siri. Imetubidi tusubiri hadi mwaka 2021, katuni ya Super Sema ilipotoka, tumwone msichana wa Kiafrika akipambana na mtawala wa mitambo aitwaye Tobor, jina ambalo ukilisoma kinyumenyume unapata “robot”. Humo mhalifu ndiye roboti, na binadamu ndiye mwenye kumkomesha.

Roboti halisi wameshatufikia pia. Tangu mwaka 2013, katika makutano ya barabara za Kinshasa, zimesimama roboti ndefu kuliko mtu yeyote, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, zikiongoza magari na kuwanasa kwa kamera madereva wanaovunja sheria. Ndiyo hadithi ya yule mtoto, ila mchana na bila kofi. Madereva husifu kwamba roboti haiombi kitu kidogo. Ni kweli. Lakini haiombi kwa sababu haitaki chochote, si kwa sababu ni aminifu. Mwaminifu ni yule anayeweza kula rushwa akakataa. Kwa hiyo roboti ya Kinshasa na ibaki I-ZI, na sifa ziende kwa mhandisi.

Sasa turudi kwa majizi, maana hapa ndipo kalamu nyekundu ilipolala.

Najua nitaambiwa sarufi si mahubiri. Najua pia kwamba aliyeibiwa ng'ombe, au aliyepigwa ngeta akienda kuwahi matatu ya alfajiri, ana haki ya kusema “jizi”. Lugha imempa neno hilo alitumie. Mwaka 2022 wakazi wa Nakuru waliishi kwa hofu ya magenge. Sitamfundisha mtu aliyefiwa namna ya kuwaita waliomuua ndugu yake.

Ila kuna tofauti ambayo vibonzo vinaifundisha vizuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Katika kibonzo, maneno yana makao mawili. Kuna kiputo kinachotoka kinywani mwa mhusika, na kuna kisanduku cha msimulizi juu ya picha. Ndani ya kiputo mhusika aseme apendavyo: “Shika jizi hilo!” Ni hasira yake, na tunamjua yeye kwa kauli hiyo. Msimulizi akisema “jizi hilo lilikimbia”, sasa si hasira ya mtu. Ni ukweli wa hadithi nzima, na kila asomaye ameshatiwa upande mmoja.

Na magazeti yetu, ripoti zetu za redio, insha zetu za shuleni, ni kiputo au ni kisanduku? Ni kisanduku. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe kinyume. Lakini kabla hajafika mahakamani tumeshamhamisha kutoka A-WA hadi LI-YA, na tairi na petroli huwa haviko mbali na “lile jizi”. Umati hauchomi mtu. Kwanza humfanya kitu, ndipo humchoma. Ngeli haiwashi kiberiti, sikatai. Inaondoa tu kilichokuwa kinauzuia mkono.

Nilimwomba mwalimu anikopeshe ile kalamu. “Yule” nililirejesha, kwa kuwa kwingineko katika insha roboti alijadiliana na nafsi yake kama awapige wezi au asiwapige, akaamua asiwapige. Anayeamua kutopiga amestahili A-WA. Kwenye “majizi, yakalia” sikukata neno. Nilichora mstari chini yake na kuandika swali pembeni: “Ni nani anayewaita hivi, mwenye duka au wewe?”

Mwalimu alilisoma, akacheka. “Sasa hapo nimpe ngapi?”

Nilimwambia angoje jibu la mtoto.