Jina Geni kwa Mtoto wa Kike

Twawasikia wazazi wa Morogoro wakisifiwa kwa kuwapa binti zao majina yasiyopata kusikiwa. Hatuwalaumu wote, ila twauliza, jina hilo lamtaja mtoto, ama lamtaja mzazi? Tabu na Shida ni manung'uniko ya watu wazima. Sikudhani ni sentensi nzima ya mama, na mtoto ndiye aitikaye. Tulipata kumfundisha binti aitwaye Tabu: kila tulipoita majina darasa lilicheka, naye akaitika kwa sauti ndogo. (Nasi, kwa aibu yetu, tulikawia kuwanyamazisha.)

Hapo Waluguru wa kale walikuwa na busara. Mtoto ni wa ukoo wa mama, yaani lukolo, lakini jina la mtala hulipokea kwa baba. Basi hata aitwe jina geni namna gani, analo jingine la kumshika. Mzazi aliachaye la mtala humwachia mtoto hilo geni peke yake.

Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Jina la Siti alilipata ukubwani, kwa uimbaji wake. Tabu wetu hakuwa mwimbaji.