Vijitu au Watu? Mtafiti Lyubov Katika Msitu wa Athshe

Makala haya yanamchunguza mhusika mmoja tu, Raj Lyubov, katika riwaya fupi ya Ursula K. Le Guin iitwayo The Word for World is Forest. Kazi hii ilitoka kwanza mwaka 1972 katika mkusanyo uliohaririwa na Harlan Ellison, ikapata tuzo ya Hugo mwaka 1973, kisha ikachapwa kama kitabu peke yake mwaka 1976. Wahakiki wengi huisoma kama istiari ya vita vya Vietnam. Hawakosei, kwani mwandishi mwenyewe alieleza kwamba aliiandika akiwa London mwaka 1968, vita vile vikiwa vimepamba moto. Lakini tukishaupata huo "ujumbe" na kufunga kitabu, kuna mtu tutakuwa tumemruka. Mtu huyo ndiye ninayemtaka.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Dunia yetu imekwisha miti, na mbao zimekuwa na thamani kuliko dhahabu. Basi watu wanasafiri hadi sayari ya Athshe, yote visiwa na misitu, kukata magogo. Wenyeji wa huko wana urefu wa mita moja hivi, na miili yao ina manyoya ya kijani. Wazee wa kike ndio wanaoongoza vijiji, wanaume ni waota njozi, na ugomvi humalizwa kwa kushindana kuimba, karibu na majibizano ya malenga wetu. Kuuana hawakujui. Wageni wanawafanya watumwa. Kapteni Davidson anambaka Thele, mke wa Selver, na mama huyo anakufa. Selver anamvamia Davidson, anapigwa nusura ya kufa, na anayemwokoa ni Lyubov, mtafiti aliyepelekwa huko kuwachunguza wenyeji.

Sasa, sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura na Fisi tuna tabia moja ya usomaji. Tukiona kiumbe asiye mtu anasema, mara moja tunamvua ngozi tumtafute mtu aliyejificha ndani. Hata Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Kawegere ya mwaka 1967, tunalisoma hivyo, na ni sawa, maana ndivyo lilivyotungwa. Athshe haikubali mchezo huo. Manyoya ya Selver si kinyago. Swali la riwaya ni gumu zaidi: je, huyu, na manyoya yake yote, ni mtu?

Nimejaribu kufasiri kurasa chache za kitabu hiki, na hapo ndipo nilipoona jinsi Kiswahili kinavyoliweka swali hilo wazi. Davidson huwaita wenyeji "creechies", neno la dharau lililokatwa kutoka neno la Kiingereza la kiumbe. Ukiandika "viumbe", dharau yote imekwisha! Kwetu kiumbe ni mimi na wewe, na tena husemwa "viumbe hawa", kwa heshima ya uhai. Hata mdudu sarufi yetu humpa haki hiyo: mdudu anatambaa. Inabidi uandike "vijitu", na vijitu havipewi wa-. Davidson wa Kiswahili angesema vijitu hivi ni vivivu, vinanuka, vipigwe. Lyubov angesema watu hawa wamechoka, wanaumwa, waachwe. Ugomvi mzima wa riwaya umo katika upatanisho wa kisarufi, vi- dhidi ya wa-. Na "binadamu" nalo halifai, maana limembeba Adamu wa udongo, na hawa kwa mawazo yao ni watu wa mzizi na tawi. Linalobaki ni "mtu".

Neno la pili lililonishinda ni "pori". Tunasema mtaalamu wa viumbe huenda porini, na kwetu pori ni mahali pasipo na wenyewe. Kwa Waathshe, kama jina la kitabu linavyosema, neno la msitu na neno la dunia ni moja. Kwa hiyo Lyubov hayuko porini hata siku moja. Kila anapotia mguu ni uani kwa mtu.

Je, Lyubov anajua hivyo? Anajua, na ndiyo maana namheshimu. Anajifunza lugha, anaandaa msamiati pamoja na Selver, anafundishwa hata namna ya kuota. Lakini tuangalie nani anafanya kazi gani. Maneno ni ya Selver na njozi ni za Selver, ila daftari ni la Lyubov. Na taasisi inayolilipia daftari hilo ndiyo hiyo hiyo inayokata miti. Wema wake ni wa kweli, lakini una mshahara.

Kilele cha maisha yake, kwa maoni yangu, ni kimya. Selver amekwisha ongoza shambulio la kwanza dhidi ya kambi ya wageni. Lyubov anakutana naye katika kijiji cha Tuntar, na Selver anamwonya aondoke mjini kabla ya siku fulani. Lyubov anarudi, anaandika ripoti yake, na habari hiyo haimo. Wasomaji wengi hupenda sana hapa: eti hatimaye msomi amechagua upande! Nami nakubali kwamba amechagua. Kwa mara ya kwanza aliyoyasikia kwa rafiki hayakugeuzwa kuwa data.

Lakini hebu tusishangilie haraka. Mjini mle kuna wanawake zaidi ya 200 walioletwa kwa meli ili wazalie koloni, wasioshika msumeno wala bunduki. Waathshe wanaposhambulia wanawaua wanawake wote, makusudi, ili wageni wasizaliane. Lyubov hakujua kwamba itakuwa hivyo, lakini alijua kwamba kuna jambo linakuja. Kisha mwandishi anamuua usiku ule ule. Hapa ndipo ninapomlaumu Le Guin. Kifo hicho kinamtoa mtafiti kwa mlango wa nyuma kabla hajaulizwa chochote. Davidson, ambaye ni mbaya tangu ukurasa wa kwanza, anabaki hai na kuadhibiwa kwa kutupwa kwenye kisiwa kilichokwisha miti. Mwema hana kesi, ana maombolezo tu. Ningetamani kumwona Lyubov asubuhi ya pili, hai, akikabili ile miili.

Labda mwandishi alikuwa na sababu za karibu mno. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia wa California, na mwaka 1911 alimpokea Mhindi Mwekundu wa mwisho wa kabila la Yahi, watu waliouawa na walowezi. Walimwita Ishi, maana yake "mtu" katika lugha yake, kwa kuwa jina lake halisi hakulitaja. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu, akiwafundisha wasomi lugha na ufundi wake, hadi alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Kroeber alikuwa mbali, na aliandika barua kali kupinga maiti isipasuliwe. Ilipasuliwa. Halafu ni Kroeber huyo huyo aliyeupeleka ubongo wa rafiki yake kwenye taasisi ya Smithsonian. Ulirudishwa kwa jamaa za watu wa Ishi mwaka 2000 tu. Mama yake Le Guin, Theodora, aliandika maisha ya Ishi katika kitabu cha mwaka 1961, kwa hiyo binti alikuwa na kisa hicho nyumbani kabla hajamtunga Lyubov.

Kwa Kiathshe neno "sha'ab" lina maana mbili: mungu, na mfasiri. Selver ni sha'ab kwa kuwa ameleta tendo jipya, kuua, kutoka njozini hadi duniani. Ninaloliona ni kwamba Lyubov pia alikuwa mfasiri, lakini wa upande mmoja. Aliwafasiri Waathshe kwa wageni miaka yote. Siku ilipotakiwa afasiri hatari, kwa upande wowote ule, alinyamaza.

Ndugu wasomaji, hili linatuhusu sisi tunaokwenda vijijini na vinasa sauti kukusanya ngano na nyimbo, tukarudi na alama za mtihani. Bibi aliyetuimbia anabaki na nini? Na shamba lake likija kupimwa na wageni, sisi tuliokula ugali wake tutaandika nini katika ripoti? Riwaya hii haitoi jibu. Imemuua aliyepaswa kulitoa, na sisi bado tuko hai.