Vigae vya Kijani vya Zhongda

Kwa wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou, Zhongda ni vitambaa: marobota, vipande vya sampuli, wasukuma mikokoteni wanaokufokea upishe. Kumbe jina lenyewe ni kifupi cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na ukishavuka geti lake kelele zote zinabaki nyuma. Ndani ni miti mikubwa, nyumba za matofali mekundu na mapaa ya vigae vya kijani. Nilikuwa nimeshaagiza mapazia yangu. Niliingia kutafuta kivuli tu.

Kwenye nyumba moja ndogo ya zamani palikuwa na jukwaa la mianzi, na juu yake mzee mmoja amechuchumaa. Kijana wa Kitanzania anayesoma hapo akanisaidia kutafsiri. Alimwita mzee "shifu", heshima wanayopewa mafundi.

Shifu alikuwa anavua paa. Kila kigae alikishika kwa vidole viwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hulia kama bakuli la udongo; chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Vizima alivipanga kulia, akavikwangua chokaa kuukuu kwa mwiko mwembamba. Vyenye ufa navyo hakuvitupa. Sababu niliijua baadaye.

Pembeni, kwenye mwanzi, ilining'inia nakala ya picha ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa kwanza palikuwa Lingnan, chuo cha wamisionari wa Kimarekani kilichoanza mwaka 1888 na kuhamia eneo hili la Kangle mwaka 1904. Chuo cha Sun Yat-sen kilikuja mwaka 1952. Pichani miti bado midogo, na nyumba imesimama peke yake kama mgeni. Shifu aliikaribia na lenzi, akahesabu kwa ncha ya msumari migongo ya vigae kutoka pembe hadi pembe. Akarudi juu, akahesabu tena paani. Hesabu hazikulingana. Aliyewahi kulikarabati paa hilo alikuwa ameacha nafasi pana, akaokoa mgongo mmoja mzima.

Basi akafunga uzi upya.

Chokaa yake ilikuwa ndani ya ndoo, imechanganywa na mabua ya mpunga yaliyolowekwa hadi yakaoza na kuwa nyuzi laini. Mafundi wa Mji Mkongwe wangeielewa subira hiyo. Nao chokaa yao huilaza kabla ya kuigusa. Alianzia upenuni na kupanda. Kwanza vigae vya kulala chali, vinavyopitisha maji: kila kimoja kilikalia mwenzake hadi ikabaki wazi sehemu ndogo tu, kama magamba ya samaki. Kisha vile vya mviringo, mfano wa mwanzi uliopasuliwa, vikafunika maungio. Alikandamiza kwa kiganja, akafuata uzi kwa jicho moja, akafuta chokaa iliyochuruzika kabla haijashika. Kimoja kilitoka nje ya uzi kwa unene wa ukucha. Mimi nisingekiona. Aliking'oa, akakiosha, akakilaza tena.

Palipopungua vigae, ndipo vile vyenye ufa vikapata kazi. Picha ni nyeusi na nyeupe. Inajua idadi, haijui rangi. Shifu alichukua kipande kilichovunjika, akakilowesha kwa maji, akakiweka juani kando ya vigae vipya vilivyokuwa kapuni. Cha kwanza kilikuwa kijani mno. Cha pili kiling'aa kama chupa ya soda. Alivigeuzageuza vyote pole pole, na mara mbili akasubiri wingu lipite ndipo atazame tena. Cha tano akakiacha juu ya goti lake.

Kijana alikuwa na kipindi, akaniaga. Mimi nilikaa hadi jua likapungua nguvu. Safu mpya ilikuwa imefika vigae kumi na kimoja, na shifu alikuwa amerudi kwenye picha na lenzi yake, anahesabu.